Mwanangu, Anza na Bomba la Moshi

Mwanangu, nimesikia mpango wako na nimeufurahia. Unataka kumjengea mama yako jiko la kudumu hapa Kiloleli, jiko lenye bomba la kutolea moshi. Umenionyesha kwenye simu majiko ya nchi za baridi yanayokula vidonge vya kuni, wao wanaviita peleti. Yanajilisha yenyewe na kuwaka bila mtu kupuliza. Unataka kazi ifanyike Jumamosi ili Jumapili uwahi basi la Mwanza. Kaa kwanza, chai ipo. Haraka yako naijua. Nami nilikuwa na umri wako, nikadhani jiko ni tofali chache na udongo.

Kwenye zile picha macho yako yamekaa kwenye moto, kwa sababu moto unapendeza. Mimi nataka tuzungumze habari ya moshi. Moto hata mtoto anauwasha. Kuutoa moshi nje ya nyumba kila siku, masika na kiangazi, upepo ukivuma huku na kule, ndiko kunakodai akili na subira.

Nilipokuwa mdogo, kijijini petu palikuwa na bibi mmoja aliyeishi peke yake. Jina lake sitalitaja, wajukuu zake wapo. Nyumba yake ilikuwa msonge wa nyasi, mlango mfupi, dirisha hakuna. Alipikia humo humo, mafiga matatu katikati. Kuni zilipokosekana alichoma kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, na moshi wake ni mzito kuliko wa kuni. Macho yake yalikuwa mekundu mwaka mzima. Watoto tuliambiwa tusipite kwake jioni, na tukiyaona macho yale tulikimbia. Nami nilikimbia, mwanangu. Nilikimbia ingawa bibi yule ndiye aliyekuwa akinipa viazi vya matobolwa nikirudi kuchunga.

Unajua macho mekundu yalichukuliwaje huku kwetu Usukumani. Vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho yao. Katika miaka ya 1970 mauaji hayo yalizidi katika mikoa ya Mwanza na Shinyanga, serikali ikafanya msako mkubwa. Watuhumiwa walipokufa wakiwa mahabusu, Mzee Ali Hassan Mwinyi, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, akajiuzulu. Msako ulipita, hofu ikabaki vijijini. Baadaye majirani zetu wa Magu wakaingilia jikoni. Shirika lao la Maperece, likisaidiwa na HelpAge International, liliwaeleza watu kwamba macho ya bibi yanawashwa na moshi, kisha likawafundisha kujenga majiko yasiyojaza moshi ndani ya nyumba. Nilipozisikia habari hizo nilimkumbuka bibi wa matobolwa. Yeye hakuuawa. Alikufa kwa kifua, akikohoa, na hakuna aliyewahi kumtobolea hata tundu la moshi ukutani.

Kwa hiyo ukiniuliza bomba la kazi gani, mimi nawaza macho ya mtu kwanza. Kuni ulizookoa nitazihesabu baadaye.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020, na kati yao watoto wa chini ya miaka mitano walizidi 237,000. Mtoto anayebebwa mgongoni mama akipika anavuta moshi ule ule anaovuta mama, kwa mapafu madogo zaidi. Nimonia humpata kwa urahisi karibu mara mbili ya mtoto asiyeishi kwenye moshi. Na watu wazima wanaopikia kuni miaka mingi huwa rahisi zaidi kupata mtoto wa jicho. Tazama wazee wangapi hapa kijijini wanaongozwa kwa fimbo.

Utaniuliza, kwa nini si gesi? Gesi ni nzuri. Ukiweza kumnunulia mama yako mtungi, mnunulie, na usisubiri maneno yangu. Tarehe 8 Mei 2024 Rais Samia alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, na lengo ni kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati hiyo. Naliombea heri lengo hilo. Lakini mtungi ukiisha katikati ya mwezi na mfuko ukiwa mtupu, mama yako atarudi kwenye kuni. Sufuria la viazi vya matobolwa hutaka moto wa muda mrefu, na familia yetu si ya watu watatu. Kwa hiyo jiko la kuni litaendelea kuwepo nyumbani kwetu miaka kadhaa bado, na kama lipo, lijengwe vizuri.

Kuna jambo nililisoma, likanipa mawazo. Huko Guatemala, milimani San Marcos, watafiti walizipa baadhi ya familia jiko lenye bomba, nyingine zikabaki na moto wa wazi, kisha wakawafuatilia watoto wachanga. Matokeo yalichapishwa mwaka 2011. Hewa chafu waliyovuta watoto wa nyumba zenye bomba ilipungua kwa nusu hivi, na nimonia kali ikapungua kwa karibu theluthi moja. Malawi nao walijaribu, wakagawa majiko ya kisasa yenye feni ndogo, yanayochoma vizuri lakini hayana bomba. Matokeo ya 2017 yalionyesha kwamba watoto waliugua nimonia sawa na wale wa mafiga. Wengine wakasema ni kwa sababu moshi wa jirani, wa takataka na wa tumbaku uliendelea kuwafikia. Huenda. Mimi nimejifunza mawili. Moto mzuri usio na njia ya moshi haujamaliza kazi. Na hata bomba lilitupa theluthi tu, halikutupa yote, kwa hiyo mtoto asikae jikoni hata kama bomba ni zuri.

Sasa hilo jiko lako la peleti. Silidharau. Lilianza kuuzwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1980, na mmoja wa waliolianzisha ni Jerry Whitfield, mhandisi aliyewahi kufanya kazi Boeing. Peleti ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa nguvu mpaka ukashikana bila gundi. Unene wake ni milimita 6 au 8, na umekauka sana, maji yake hayazidi asilimia 10. Ndani ya jiko kuna parafujo inayozisukuma kidogo kidogo na feni inayopuliza hewa. Moshi wake unatoka kwa bomba jembamba la inchi 3 au 4 lenye kuta mbili, na mara nyingi kuna bomba jingine la kuleta hewa kutoka nje.

Ona sasa. Vyote viwili, parafujo na feni, vinataka umeme. Umeme ukikatika wakati moto unawaka, feni inasimama na moshi unatafuta pa kutokea. Ndiyo maana mafundi wa huko husisitiza bomba lipande juu futi kadhaa kabla ya kuishia, hata kama feni ingeweza kuusukuma moshi moja kwa moja kupitia ukutani. Kipande kile cha kupanda ndicho kinachovuta moshi feni ikilala. Wenzetu wenye umeme wa uhakika wanajihadhari hivyo, je, sisi?

Halafu niambie peleti utazinunua wapi hapa Bariadi. Nchini Rwanda kulikuwa na kampuni ya Inyenyeri kule Gisenyi, iliyowapa watu majiko na kuwauzia peleti za mkaratusi. Majiko yalikuwa mazuri kweli. Kampuni ilipofunga kazi mwaka 2020, peleti zikaisha nayo. Jiko linalotegemea chakula cha duka moja, mwanangu, usimfungie mama yako. Itakuja siku ambapo mabua ya pamba ya mkoa wetu wa Simiyu yatasagwa na kushindiliwa hapa hapa, maana India wanafanya hivyo na pamba yao. Siku hiyo nitakuwa wa kwanza kukuunga mkono. Mpaka hapo tujenge jiko la udongo lenye bomba, linalokula kile tulicho nacho.

Tulicho nacho ni mabua ya pamba, mabua ya mahindi, magunzi, na matawi ya ngitili, yale malisho tunayoyafungia yaote tena. Wewe umezaliwa ukakuta miti. Sisi tulikuta uwanda mtupu, mpaka watu wakaziita nchi zetu jangwa. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulianza 1986, Bariadi na Maswa zikiwa bado ndani ya mkoa ule, na hekima yake ilikuwa kurudi kwa wazee na kuuliza ngitili zilitunzwaje. Mradi ulipoisha mwaka 2004, zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimerudishiwa majani na miti. Ile ngitili ya babu yako ng'ambo ya kijito ni mojawapo ya hizo. Usiimalize kwa jiko bovu linalokula mzigo mzima kwa sufuria moja la ugali.

Mabua ya pamba yana masharti. Sheria inatutaka tung'oe na kuchoma masalia ya pamba kila baada ya msimu, kwa sababu funza hujificha ndani ya vitumba vilivyobaki, wakasubiri pamba mpya. Kwa hiyo ukitaka kuyatumia mabua jikoni, chuma vitumba vyote, vichome shambani, uje na mabua matupu. Mwulize afisa ugani siku ya mwisho, na uiheshimu. Kisha yakauke. Bua bichi linatoa moshi mara mbili na kuacha lami nyeusi ndani ya bomba.

Haya, tujenge.

Siku ya kwanza usishike mwiko wa fundi. Kaa na mama yako jikoni, umwangalie anapika. Anakaa kwenye kigoda au anasimama? Anausonga ugali kwa mkono upi? Sufuria analoshika mara kwa mara lina upana gani? Jiko ambalo halimshikilii sufuria vizuri wakati wa kusonga atalikimbia, hata likiwa na bomba la fedha. Tundu la jiko lichongwe kwa sufuria lake mwenyewe, likae ndani na kubana kidogo, ili moshi usipenye pembeni. Nimeona majiko ya mradi yaliyojengwa kijijini kwa kipimo kimoja, na baada ya mwaka kuku walikuwa wanatagia humo.

Udongo ndio unaowadanganya vijana wengi. Unaona mfinyanzi mweusi wa mbuga unavyonata, unasema huu ndio. Mwanangu, uache. Ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa na kupasuka nyufa za kuingia mkono. Umeziona mbugani mwezi wa nane. Jiko la udongo ule litapasuka hivyo hivyo, na kila ufa ni mdomo wa moshi. Tafuta udongo wa kichuguu, wenye wekundu. Changanya na mchanga, nyasi zilizokatwa fupi fupi na kinyesi cha ng'ombe kibichi. Ukanyage kwa miguu mpaka ukikunja donge na kuliangusha kutoka kiunoni, lisisambae wala lisipasuke. Ulaze usiku, kesho ukanyage tena.

Kama nyumba imesimama kwenye udongo mweusi, kuna kazi ya ziada. Chimba chini ya mahali pa jiko na pa bomba, toa udongo ule, jaza mawe na changarawe, ushindilie. Mvua za masika zikija, udongo mweusi hunyanyua sakafu, na bomba lililojengwa juu yake huinama na kuachana na jiko. Ufa unatokea nyuma, pale usipopaona, na moshi unaingia chumba cha pili wanapolala watoto.

Sasa bomba lenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nilipokosea, na kosa langu mama yako amelilipia kwa macho yake.

Nilijenga jiko mwaka tulioezeka bati. Fedha ilikuwa imeisha, msimu wa kupeleka pamba kwenye mizani umefika, nami nikataka nimalize haraka. Nikatoa bomba ukutani na kulipandisha kidogo tu nje, likaishia chini ya ukingo wa paa. Jioni tulipowasha, hakukuwa na upepo, moshi ukatoka vizuri, majirani wakanipongeza. Nikaondoka na mikokoteni ya pamba. Mchana upepo unapovuma huku kwetu hugonga ukuta na paa, ukarudi chini kwa nguvu, ukaingia kwenye mdomo wa bomba. Moshi wote ukarudi ndani. Niliporudi nililaumu kuni, kisha nikalaumu sufuria, na siku moja nilimlaumu mama yako kwamba hajui kuwasha. Hakujibu. Baadaye nilizunguka nyuma ya nyumba nikakuta kwenye mdomo wa bomba kimeshindiliwa kipande cha gunia. Alikuwa ameliziba, maana moshi ulitoka vizuri zaidi kwa mlango kuliko kwa bomba langu. Alikuwa amepika hivyo muda mrefu, na mimi nalipita jiko lile kila siku nikijisifu.

Kwa hiyo pandisha. Mdomo wa bomba uwe juu ya kilele cha paa, uzidi kwa futi 2 angalau, na kama kuna mti au ukuta karibu, uuzidi nao. Hewa ya moto ni nyepesi, inapanda, na kadiri bomba linavyokuwa refu ndivyo linavyovuta. Lisiwe pana kupita kiasi, moshi ukapoa humo na kukosa nguvu, wala jembamba likakabwa. Inchi 4 mpaka 6 kwa ndani zinatosha jiko la familia. Kona ziwe chache. Kipande cha kulala kiwe kifupi, kikiinuka kidogo kuelekea nje. Mdomoni weka kofia ya bati, ikae juu kiasi cha kiganja, izuie mvua bila kuzuia moshi.

Kama jiko liko kwenye nyumba ya nyasi, usipitishe bomba kwenye paa, nakusihi. Cheche moja inatosha. Litoe ukutani, lijenge nje kwa tofali za kuchoma, lisimame mbali na ukingo wa nyasi na kupita juu yake. Tena ni afadhali nyumba hiyo uiezeke bati kwanza, bomba lisubiri. Kwenye bati nako kuna kenchi na papi za mbao. Bomba tupu la chuma lisikae karibu na mbao, mafundi wa nchi za baridi wanataka nafasi ya sentimita 45. Mbao haiwaki siku ya kwanza. Inakaushwa na joto mwaka baada ya mwaka, mpaka siku inawaka kwa joto lile lile ililozoea. Ukikosa nafasi, jenga kwa tofali mpaka upite paa, ufunge pembeni kwa bati na lami mvua isiingie. Bomba la plastiki usiliguse, linayeyuka na moshi wake ni sumu. Mabomba ya zamani ya asbesto yaliyotupwa kwenye majengo ya serikali nayo yaache yalipo, hata ukipewa bure. Na bati la kawaida lenye zinki lisianzie kwenye moto wenyewe, anza na tofali au chuma cheusi.

Chini kabisa ya bomba acha tundu la kutolea masizi, lenye kifuniko cha tofali. Usipoliacha siku ya kujenga, utalitafuta kwa nyundo baadaye.

Kisha liache likauke. Hapa ndipo utakaponichukia. Wiki mbili, hata tatu, bila moto. Ukiwasha likiwa bichi, maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke na kulipasua. Lipake maji kidogo asubuhi na jioni siku za mwanzo, ufa mdogo ukitokea uuzibe na udongo ule ule. Halafu anza na moto mdogo wa majani, kesho mkubwa kidogo. Ndiyo maana nilikwambia Jumamosi moja haitoshi.

Siku ya kuwasha, bomba likiwa la baridi, moshi utarudi ndani kidogo. Usiogope. Choma konzi ya nyasi kavu kwenye lile tundu la masizi, bomba lipate joto, kisha washa jiko. Na uache dirisha au mwanya chini ya mlango. Vijana mnapenda kuziba kila mahali. Chukua chupa ya soda, zungushia midomo yako mdomo wa chupa pamoja na mrija, uvute. Utapata kidogo, halafu soda inagoma kuja, kwa kuwa hewa haiingii kuchukua nafasi yake. Nyumba iliyozibwa inalitendea bomba vivyo hivyo.

Jambo la sumu nilitaje ingawa umelisikia shuleni. Mkaa hauna moshi unaouona, kwa hiyo watu wanauamini. Wanabeba jiko la mkaa chumbani usiku wa baridi, wanafunga mlango. Redioni tumesikia zaidi ya mara moja, hasa kutoka nyanda za juu kusini, mume, mke na watoto wamekutwa wamekufa. Ile hewa, kaboni monoksaidi, haina rangi wala harufu. Kichwa kinauma, usingizi unakuja, basi. Hata ule mkaa mbadala wa shirika la madini la taifa, STAMICO, uitwao Rafiki Briquettes, unaotengenezwa kwa makaa ya mawe, ni wa kupikia penye hewa. Usiku jiko lolote lenye kaa litoke nje, hata kama mvua inanyesha.

Usafi wa bomba mwachie kijana wa nyumbani, na umwonyeshe mwenyewe. Funga gunia kuukuu kwenye kamba ndefu, jiwe chini yake, literemshwe kutoka juu na kupandishwa mara kadhaa, masizi yadondoke, yatolewe chini. Kila mwezi kama mnapikia mabua, kwa sababu yanajaza haraka kuliko gogo kavu. Masizi yakikaa muda mrefu hushika moto ndani ya bomba, na moto huo unaunguruma juu ya vichwa vyenu. Ukisikia mngurumo kama huo siku yoyote, ziba mlango wa jiko, toa watu nje.

Njoo mwezi wa saba, pamba ikiwa imeuzwa na udongo umekauka. Usije kwa siku mbili. Kama kazini hawakupi wiki tatu, njoo tujenge, uende, urudi siku ya kuwasha. Pitia kwa fundi wa kuchomelea pale Bariadi, mwambie akukatie bomba la chuma cheusi la inchi 4, vipande vitatu vinavyoingiliana, na kofia yake. Mwambie kipande cha chini kiwe kinene, kwa sababu ndicho kinachopata moto. Ngazi tunayo. Udongo wa kichuguu nitakuwa nimeshausomba na punda, uko chini ya mwarobaini, na mama yako ameshaniambia anataka jiko lifike magotini, apike amekaa.